Uso Kwenye Kidirisha

Duka la mikate la familia hii lilikuwa na vyumba viwili. Mbele kulikuwa na kaunta, rafu na mizani. Nyuma kulikuwa na meza ya kukandia, magunia ya unga na tanuri. Kati ya vyumba hivyo kulikuwa na ukuta, na kwenye ukuta kulikuwa na kidirisha.

Kidirisha hicho kilikuwa kidogo sana. Marehemu mwenye duka alikitoboa mwenyewe, tena alikifanya kidogo makusudi, ili joto la tanuri na vumbi la unga visihamie dukani. Kazi yake ilikuwa kupitisha sauti. Mtu wa mbele anasema, "Leta ya mviringo," na mtu wa nyuma anajibu, "Inakuja." Mikate yenyewe ilipita mlangoni juu ya treya, kwa heshima zote.

Aliyekaa kaunta alikuwa mjane wa marehemu. Watu walimwita Mama Mizani kwa sababu alipima kila kitu. Alipima donge kabla halijaokwa. Alipima mkate ukishaokwa. Siku moja jirani alimleta mtoto mchanga aje aonwe. Mama Mizani alimpokea, akamweka kwenye mizani, akamrudisha akisema yuko sawa.

Magoti yake hayakupenda kusimama, kwa hiyo alikaa juu ya stuli ndefu. Kutoka pale juu alitawala. Mwanawe alikuwa waziri wa usafirishaji, maana ndiye aliyepeleka mikate madukani kwa baiskeli. Waziri wa tanuri alikuwa mkaza mwana wake, yaani mke wa huyo mwanawe.

Mkwe huyo aliijua kazi. Mikate yake ilivimba vizuri, na ganda lake lilivunjika kwa mlio mtamu. Mama Mizani hakuwa na neno lolote baya juu ya mikate. Alilokuwa nalo lilihusu uso.

Kutoka kwenye stuli, kupitia kidirisha, hakumwona mkwe mzima. Aliona uso tu, kuanzia kidevuni hadi kwenye kitambaa cha kichwa, umekaa katikati ya fremu kama picha ya kitambulisho. Mikono haikuonekana. Meza haikuonekana. Alichoshika mkwe, alichoinamia, alichokuwa akihangaika nacho, vyote vilibaki upande wa pili wa ukuta.

Kwa muda mrefu uso huo haukumsumbua mtu. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini, basi.

Kisha akaja Wifi.

Wifi alikuwa dada wa marehemu. Alikuja dukani kununua mkate na kukaa. Kununua kulikwisha upesi. Kukaa kulichukua asubuhi nzima. Alipomaliza habari za watu wa mbali, alihamia kwa watu wa karibu. Aliinama juu ya kaunta, akashusha sauti.

"Wifi yangu, huyo mkwe wako anakudharau. Mimi sisemi kitu. Wewe mtazame tu usoni."

Akachukua mkate wake, akaenda kutosema kitu mahali pengine.

Mama Mizani alijiambia kwamba hayo ni maneno ya mtu asiye na kazi. Lakini macho yake yalikwishageuka kuelekea kwenye kidirisha.

Alimwita mkwe, akamwambia madonge ya asubuhi ile yalikuwa mepesi kidogo. Mkwe aliitikia vizuri, akasema ataongeza. Kisha akatazama chini. Pua yake ikajikunja. Mdomo wa juu ukapanda upande mmoja.

Mama Mizani alihisi roho inamchoma. Amemwambia neno la kawaida, na mtoto wa watu anambinulia mdomo.

Kuanzia hapo ushahidi ulimiminika. Jana yake alikuwa hajaona kitu, leo kila alipotazama aliona. Alisema wateja wanasubiri, akaona meno yaliyoumana na macho yaliyofinywa. Akaandika moyoni kwamba mkwe anamsagia meno. Aliuliza kama kuni zimekauka, akaona macho yamefumbwa na pumzi ndefu imetoka. Akaandika kwamba mkwe amemchoka. Sura hizo zilikuwepo tangu mwanzo, lakini sasa zilikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa dharau.

Serikali ikachukua hatua. Mama Mizani alirudisha kwake ufunguo wa stoo ya unga. Salamu za mkwe alizijibu kwa "Mm." Chai ya saa nne, ambayo walizoea kunywa pamoja, sasa aliinywa kaunta akiwa ameugeuzia ukuta mgongo. Mwanawe alijaribu kuuliza kuna nini. Mama akamwambia amwulize mkewe. Mke akamwambia amwulize mama yake. Kijana wa watu akatangaza kwamba yeye hafungamani na upande wowote, akapanda baiskeli, na siku hizo akawa anapeleka mikate taratibu sana.

Wakati huohuo Mama Mizani alizungumza na mwokaji mwingine, mwanamume aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda kikubwa. Walielewana kwamba aanze kazi Jumatatu. Jumamosi, baada ya kufunga duka, Mama Mizani angemwambia mkwe avue aproni. Kama yeye na mumewe wangeona vibaya, wangehama wakatafute maisha yao. Hakumwambia mtu yeyote mpango huo. Alilala nao, akaamka nao, na mizani ilionekana nzito kuliko kawaida.

Ijumaa mchana alikuja muuguzi. Huyu alikuwa jirani na mteja wa siku zote. Alifanya kazi katika wodi ya magonjwa ya ubongo, kwenye hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, na kila akitoka zamu alipitia mkate wa mviringo. Siku hiyo alimkuta Mama Mizani ameshika tama, akauliza kulikoni. Huko ndiko kulikokuwa kosa lake, maana alielezwa yote. Alielezwa pua, mdomo, meno, pumzi, na mwokaji wa Jumatatu. Alielezwa akiwa amesimama, na mkate ulipoa mkononi.

"Na haya umeyaona mwenyewe?" muuguzi aliuliza.

"Sista, mimi nina macho."

"Macho unayo. Hebu niazime karatasi ya kufungia mkate."

Akatoboa karatasi katikati, tundu la ukubwa wa kisoda. Akafungua simu yake, akatafuta picha, akaifunika kwa karatasi ile mpaka kikabaki kichwa tu. Kilikuwa kichwa cha mwanamke. Kinywa kimepanuka, macho yamefumbwa kwa nguvu, mishipa ya shingo imetuna.

"Huyu amepatwa na nini?"

Mama Mizani alisikitika mara moja. Alisema mtu huyo amefiwa, tena na mtu wa karibu sana. Akauliza kama mazishi yameshafanyika.

Muuguzi akaondoa karatasi. Mwanamke alikuwa amevaa jezi ya netiboli. Mikono ilikuwa juu, ngumi zimekazwa, na wenzake walikuwa wanamrukia. "Ni mdogo wangu," muuguzi alisema. "Hapo amefunga goli la ushindi. Marehemu hayupo."

Mama Mizani aliitazama picha tena. Uso ulikuwa uleule, lakini sasa ulicheka. Hakuelewa kilio kilikwenda wapi.

Muuguzi akamwonyesha picha nyingine. Alikuwa mwanamume ametazama mbele, hana tabasamu wala hasira. Alieleza kwamba huyo ni mume wake, na picha ilipigwa siku aliyomdanganya kuhusu mahali alikokuwa. Mama Mizani akaisogeza simu karibu. Alisema inaonekana wazi, jicho la kushoto linakwepa, na mdomo umebana siri.

"Hiyo ni picha ya leseni ya udereva," muuguzi alisema. "Alikuwa anangoja fundi abonyeze kamera. Samahani, nimemsingizia mume wangu kwa ajili ya elimu."

Mteja aliyekuwa nyuma yake alicheka mpaka akasahau alichofuata. Mama Mizani hakucheka. Alitaka kujua muuguzi anamaanisha nini.

Muuguzi akavuta kreti tupu, akakaa. Alisema kazini kwake walifundishwa jambo hili kwa sababu wagonjwa wengine hupoteza uwezo wa kuelewa nyuso. Lakini hata mtu mzima wa afya, alisema, hasomi uso peke yake.

"Ubongo unauchukua uso, unauchanganya na vingine. Mikono imefanya nini. Mwili umekaaje. Mahali ni wapi. Kabla ya hapo uliambiwa nini. Unavichanganya haraka sana, hata wewe mwenyewe hujui kama umechanganya. Halafu unakuletea jibu moja, huyu ana hasira, au huyu ana dharau. Wewe unadhani jibu umelikuta usoni. Kumbe nusu umelipika mwenyewe."

Alieleza kwamba watafiti waliwahi kuchukua picha ya uso wa mtu aliyechukizwa na kitu, wakaubandika kwenye mwili wa mtu aliyeinua ngumi. Watazamaji wengi walisema mtu huyo ana hasira. Uso haukubadilishwa hata kidogo. Kilichobadilika ni mwili tu.

"Na mikono isipoonekana je?" Mama Mizani aliuliza.

"Ubongo hauachi pengo. Unaziba kwa chochote kilicho karibu. Kwako wewe kilikuwa karibu kitu gani?"

 Kilichokuwa karibu kilikuwa Wifi.

Hata hivyo, Mama Mizani hakuwa mtu wa kushindwa kwa urahisi. Akauliza kama muuguzi anataka kusema kwamba uso ni kitu cha bure, kwamba mtu anaweza kununa mbele yako na wewe ukasema labda amefunga goli.

"Sisemi hivyo. Uso unasema. Ila hausemi sentensi nzima."

"Kwa hiyo hanidharau?"

"Sijui. Huenda anakudharau. Mimi sijamwona," muuguzi alisema, akasimama na kupangusa unga kwenye sketi. "Lakini na wewe bado hujamwona."

Kabla ya kuondoka alimpa dawa, kama ilivyo desturi ya watu wa hospitali. Akiiona tena sura ile, asiseme kitu kupitia kidirisha. Ashuke, apite mlangoni, atazame mikono na kilicho mbele yake. Ndipo aulize, na aulize kama mtu asiyejua jibu.

Jumamosi asubuhi Mama Mizani alipanda stuli yake kama kawaida. Jioni ndiyo saa aliyopanga kusema. Alimwambia mkwe kwamba watu wa hoteli wanataka mikate yao mapema. Mkwe akasema sawa, mama. Kisha akatazama chini. Pua ikajikunja. Mdomo wa juu ukapanda upande mmoja.

Maneno yalimfika Mama Mizani mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akayameza. Akashuka, akayaomba msamaha magoti yake, akapita mlangoni.

Hakuwa ameingia chumba cha tanuri kwa muda mrefu, kwa sababu ya joto. Joto lilimpokea kama mwenyeji mwenye kisasi. Mkwe alikuwa amesimama penye meza, ameshika bakuli kubwa kwa mikono miwili. Ameliinua hadi chini ya kidevu chake. Ndani kulikuwa na uji mzito wenye mapovu. Alikuwa ananusa, na uso ulikuwa umekunjamana vilevile.

Alipomwona mama mkwe wake ameingia, bakuli lilitaka kumponyoka.

"Hiyo ni nini?" Mama Mizani aliuliza. Alijitahidi sauti isiwe ya hakimu.

"Chachu, mama. Ile ninayoilaza kwenye maji na unga. Kila asubuhi lazima niinuse. Ikilala kupita kiasi inanuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Hapo haifai, mkate unakuwa mchungu."

Mama Mizani aliinamisha pua, akavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayepima. Harufu ilimpanda mpaka kichwani. Pua yake ikajikunja. Mdomo wake wa juu ukapanda upande mmoja.

Mkwe alianza kucheka, akajizuia kwa kiganja. Mama Mizani alijiona kwenye kioo cha mlango wa tanuri. Sura ya dharau ilikuwa imemkaa barabara.

Basi akauliza na mengine. Meno yanaumana wakati gani? Mkwe alimwonyesha treya za chuma, jinsi zinavyotoka na moto, na vitambaa vya kushikia vilivyochakaa mpaka joto linapenya. Na pumzi ndefu na macho kufumbwa? Hiyo ni baada ya kunyanyua gunia, alisema, na mgongo wenyewe ndio unaopumua.

Mkwe aliugusagusa ukingo wa bakuli. Kisha akasema yaliyokuwa moyoni mwake.

"Mama, mimi nimeshafunga sanduku. Nilikuwa nimemwambia mume wangu tuhame mwisho wa mwezi, hajui akuelezeje."

"Kwa nini?"

"Kila treya ikifika kaunta nakutazama kupitia kidirisha. Kila mkate unaushika, unakunja uso, unafinya macho. Nikasema basi, mama amechukia mikate yangu. Halafu ukachukua ufunguo. Halafu chai."

 "Mwanangu, ninasoma mizani. Zile namba ni ndogo kama chawa. Mikate yako siijui hata sura, ninaangalia mshale."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi. Kwa majuma kadhaa wanawake wawili waliogopana kupitia tundu moja. Mmoja alinusa chachu, mwingine alitafuta namba, na nusura familia igawanyike. Mama Mizani alimweleza mkwe maneno ya Wifi. Alimweleza pia habari za mwokaji wa Jumatatu, jambo lililokuwa gumu zaidi, na wakati huo mkwe hakucheka. Alisema limemuuma. Mama Mizani alikubali kwamba ana haki ya kuumia. Akatoa ufunguo wa stoo mfukoni, akauweka juu ya meza katikati ya unga. Mkwe hakuuchukua palepale. Kwanza alitoa treya iliyokuwa tayari. Kisha akauchukua.

Mwokaji alipigiwa simu akaombwa radhi. Sanduku likafunguliwa. Mwanawe aliporudi na baiskeli alikuta chai inanywewa chumba cha nyuma, kwenye joto, akasimama mlangoni asijue aingie kwa upande gani.

Jumatatu ilikuja na fundi mwashi. Mama Mizani alimwonyesha kidirisha, akamtaka akishushe hadi usawa wa meza na kukipanua pande zote mbili. Fundi alipima, akajikuna, akauliza kama wanataka dirisha au wanataka mlango. Akajibiwa kwamba wanataka kuonana. Alisema kipimo hicho hajawahi kukisikia, lakini akabomoa.

Joto liliingia dukani kama marehemu alivyohofia. Ilibidi kununua feni. Lakini sasa kutoka kwenye stuli Mama Mizani alimwona mkwe kuanzia kichwani hadi kiunoni, pamoja na mikono, meza, bakuli na treya. Mikono ya mkwe ikiwa imejaa unga, Mama Mizani hakuita. Meno yakiumana, alitafuta treya, akaiona. Alishona vitambaa vipya vya kushikia, vinene. Upande wake, alinunua miwani. Mikate iliyoungua ilipungua, kwa sababu mtu wa mbele aliweza kuuona moshi na kuonya.

Wifi alikuja kununua na kukaa. Alitupa jicho ndani, akamgusa Mama Mizani kiwiko. "Umeuona huo uso?"

"Nimeuona. Ameshika treya inayowaka. Shika wewe, tuuone wako."

Siku hiyo Wifi alinunua tu.

Isije ikadhaniwa kwamba sasa kila uso uliokunjamana ulikuwa chachu. Asubuhi moja Mama Mizani alitazama ndani, akaona midomo imebanwa na pua imetuna. Akatafuta bakuli, lilikuwa rafuni. Akatafuta treya, zote zilikuwa zimepangwa. Mikono ya mkwe ilikuwa imekunjwa kifuani, na mwili wote ulikuwa umeelekea dukani. Mama Mizani akashuka kwenda kuuliza, kama mtu asiyejua jibu, ingawa safari hii alikuwa na wasiwasi kwamba analijua.

"Mama, nimekasirika," mkwe alisema. "Umeongeza chumvi kwenye unga wangu bila kuniambia."

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameonja, akaona imepungua, akatia. Walibishana. Mkwe alisema chumvi ilikuwa imeshatiwa, na kwamba unga ukiwa mezani ni wake. Mama Mizani alisema duka ni lake. Mkwe alisema duka ndiyo, unga hapana. Ugomvi ulikwisha kabla madonge ya pili hayajaingia tanurini, kwa sababu ulikuwa na jambo lake, na jambo lenyewe lilikuwa chumvi.

Hata hivyo, mikate ya kwanza ya asubuhi hiyo ilikuwa imeshauzwa na chumvi yake. Kabla ya saa sita alirudi mteja mmoja, akalalamika kwamba amekula bahari. Mama Mizani alikaa wima juu ya stuli. Akamwambia, kwa sauti ya kufika nyuma, kwamba mwokaji hana kosa, aliyetia chumvi ni yeye mwenyewe, na mkate mwingine huu hapa.

Kisha akageuka kutazama ndani. Mkwe alikuwa amempa mgongo, anafuta meza. Uso haukuonekana kabisa. Mabega yalikuwa yanatikisika. Inaweza kuwa kilio, inaweza kuwa kicheko.

Mama Mizani alishuka kwenye stuli, akaenda kuuliza.

Kilikuwa kicheko.